Vijana wa Meru na Embu, kura yetu ya urais isiuzwe kwa jumla

Kuna hesabu inayofanywa kila uchaguzi mkuu unapokaribia, na sisi tunaohesabiwa huwa hatuitwi. Wanasiasa huketi Nairobi na kuandika: Meru kura kadhaa, Tharaka Nithi kadhaa, Embu kadhaa. Hujumlisha. Kisha jumla hiyo hupelekewa mwaniaji wa urais kama gunia lililoshonwa mdomo: huu ndio Mlima Kenya Mashariki, sasa tuambie sisi tutapata nini. Wakishaelewana, helikopta hutua Kinoru, nyingine Siakago, na sisi huambiwa, "Tumeamua."

Wacha niulize swali la kijinga. Tumeamua na nani?

Uchaguzi ujao ni Agosti 10, 2027, na hesabu hiyo tayari imeanza. Ndiyo maana nataka tuongee mapema, sisi wenye miaka 18 hadi 35, kabla leso na fulana hazijaanza kugawanywa na kabla bodaboda hazijaanza kujazwa mafuta ya bure.

Maoni yangu ni haya: kura ya urais ya Meru na Embu huhesabiwa moja moja lakini huuzwa kwa jumla, na faida huenda kwa madalali. Sisi tuliolelewa kwa pesa za miraa, muguka, kahawa na makadamia tunamjua dalali vizuri. Ni yule anayekuja shambani na bei moja na kwenda sokoni na bei nyingine. Tofauti hubaki mfukoni mwake, na mwenye shamba hubaki akihesabu mabunda.

Karatasi sita, akili mbili

Kabla mtu hajasema watu wa huku hufuata tu wanachoambiwa, tuangalie mwaka 2022.

William Ruto alishinda urais kwa kura 7,176,141 dhidi ya 6,942,930 za Raila Odinga. Meru peke yake ilimpa zaidi ya kura 400,000. Embu na Tharaka Nithi pia zilimpa ushindi mkubwa, na Raila hakufikisha hata robo ya kura katika kaunti yoyote kati ya hizo tatu. Ukitazama matokeo hayo tu, utadhani watu wote waliamka asubuhi moja na wazo moja.

Lakini siku hiyo hiyo, katika vituo hivyo hivyo, wapigakura hao hao walishika karatasi ya ugavana na kufanya jambo tofauti kabisa. UDA ilikuwa imemsimamisha Mithika Linturi. Chama cha basi, DEP, kilikuwa na Kiraitu Murungi, gavana aliyekuwa mamlakani, waziri wa zamani, mtu aliyezeekea katika siasa za Meru. Wapigakura wakampa kiti Kawira Mwangaza, mwaniaji huru asiye na chama wala kigogo wa kumshika mkono. Alipata takriban kura 209,000, Linturi akapata kama 184,000, naye Kiraitu akamaliza wa tatu.

Fanya hesabu mwenyewe. Kati ya watu zaidi ya 400,000 waliompigia Ruto hapa Meru, zaidi ya nusu hawakumpigia mwaniaji wa ugavana wa chama chake. Waliambiwa wavae suti ya vipande sita. Walichukua koti, suruali wakairudisha dukani.

Embu nako mambo yalikuwa hivyo. Cecily Mbarire wa UDA alipenya kwa kura elfu chache tu mbele ya Lenny Kivuti wa DEP, na kiti cha useneta kikamwendea Alexander Mundigi wa DEP. Wala si jambo la juzi. Mwaka 2013 Meru ilimmiminia Uhuru Kenyatta kura, lakini kiti cha ugavana hakikwenda kwa TNA. Kilimwendea Peter Munya wa APK, chama kidogo ambacho nje ya Meru wengi hawakukijua.

Kwa hivyo uwezo tunao. Tukipewa karatasi ya gavana, seneta, mbunge au diwani, tunampima mtu. Tunauliza amefanya nini, anaishi wapi, akipigiwa simu anashika ama anazima. Tukifika kwa karatasi ya rais, tunaacha kupima. Tunauliza tu, "Watu wetu wako upande gani?"

Najua kuna atakayesema: lakini uhuru huo wa kuchagua umetuletea nini Meru? Hoja za kumwondoa Kawira zilifuatana hadi Seneti ikamtimua Agosti 2024, Mahakama Kuu ikaunga mkono uamuzi huo Machi 2025, na naibu wake, Isaac Mutuma, akaapishwa. Kaunti ilipoteza muda mwingi katika vita hivyo. Ni kweli. Lakini hata anayejuta alichagua mwenyewe, na 2027 atarekebisha mwenyewe. Anayeuziwa uamuzi wa mwingine hana cha kurekebisha, maana hakuwahi kuamua.

Hakuna fomu ya Mlima

Turudi kwa sheria kidogo, kwa sababu hapa ndipo madalali hutuchezea.

Ibara ya 138 ya Katiba inasema mshindi wa urais lazima apate zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa nchini, na pia angalau asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti, yaani kaunti 24 kati ya 47. Kura za kituo hujazwa katika Fomu 34A. Matokeo ya vituo vyote vya eneobunge hujumlishwa katika Fomu 34B. Ya nchi nzima huingia katika Fomu 34C.

Soma tena orodha hiyo. Hakuna fomu ya kabila. Hakuna fomu ya Mlima Kenya Mashariki wala Magharibi. Hakuna mahali popote ambapo kigogo hutia sahihi kwa niaba ya watu wa Igembe, Tigania, Imenti, Manyatta, Runyenjes au Mbeere. Gunia lile linalopelekwa Nairobi halipo kisheria. Lipo kwa sababu sisi hukubali kuingia ndani yake.

Na kura hizi zina uzito. Mwaka 2013 Uhuru alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.07. Ukikokotoa, alivuka nusu kwa kama kura 8,400 tu. Mwaka 2022 Ruto alivuka nusu kwa kura zisizofika 70,000. Kama robo tu ya waliompigia Meru wangeenda kwa mpinzani wake, asingefikisha nusu. Yaani kaunti moja, tena robo tu ya wafuasi wake ndani ya kaunti hiyo, ingetosha kubadilisha mambo. Kura yenye uzito namna hii mtu anapaswa kuijia mlangoni akiwa amevua kofia, si kuichukua akipita.

Tuulize Pennsylvania

Wengi wetu tulifuatilia uchaguzi wa Marekani wa 2024 kwenye simu. Kama ulikuwa makini, uliona jina moja likirudi kila siku: Pennsylvania. Donald Trump alikuwa huko, Kamala Harris alikuwa huko, kesho yake tena wako huko. Kwa nini?

Marekani rais hachaguliwi kwa kujumlisha kura za nchi nzima. Kila jimbo lina idadi yake ya wajumbe wa uchaguzi, wote ni 538, na anayefikisha 270 ndiye mshindi. Karibu kila jimbo humpa mshindi wake wajumbe wote, hata akishinda kwa kura moja. Ni Maine na Nebraska tu zinazoweza kugawanya. Pennsylvania ina wajumbe 19. California ina 54, karibu mara tatu ya hao, lakini wagombea hawakupiga kambi California. Walienda huko zaidi kuchanga pesa kwa matajiri.

Sababu ni rahisi. Kila mtu alijua California itaenda wapi. Pennsylvania hakuna aliyejua. Mwaka 2016 Trump aliishinda kwa kura kama 44,000 kati ya takriban milioni 6. Mwaka 2020 Joe Biden akaichukua kwa kura kama 80,000. Mwaka 2024 ikarudi kwa Trump kwa kura kama 120,000. Jimbo linalobadilika hivyo huwezi kulipuuza.

Na halikupewa salamu tu. Pennsylvania ina gesi nyingi inayochimbwa kwa kupasua miamba ardhini, na maelfu ya watu wanaitegemea. Mwaka 2019, Harris alipokuwa akitafuta tiketi ya chama chake, alisema anaunga mkono uchimbaji huo upigwe marufuku. Mwaka 2024 alipohitaji kura za Pennsylvania, akasema hataupiga marufuku. Unaweza kumwita kigeugeu, ni haki yako. Mimi naona kitu kingine: mgombea wa urais wa nchi kubwa kama ile alibadilisha msimamo wake kuhusu riziki ya watu wa jimbo moja, kwa sababu watu hao walikuwa na njia ya kumwambia hapana.

Sasa jiulize. Ni lini mwaniaji wa urais wa Kenya alibadilisha sera yake kwa kuogopa mkulima wa Igembe au wa Mbeere? Hajawahi kuwa na sababu. Sisi ni California ya watu maskini. Tunajulikana tutaenda wapi, basi tunapitiwa tu, na hata wale waliojaza pesa mifukoni hawatoki hapa.

Tumelipwa nini?

Chukua miraa. Uholanzi ilifunga soko lake 2013, Uingereza ikafuata 2014, na Maua ilijua maana ya kulala njaa. Machi 2020 Somalia nayo ikafunga. Soko hilo lilikaa limefungwa zaidi ya miaka miwili. Ndege zilianza tena kupeleka miraa Mogadishu Julai 2022. Tazama tarehe hiyo vizuri: ilikuwa wiki mbili hivi kabla ya uchaguzi wa Agosti 9.

Waliopanga hayo walifikiri mkulima atashukuru debeni. Munya, mwana wa Meru na waziri wa kilimo wakati huo, alikuwa akimpigia debe Raila. Kiraitu pia. Serikali nzima ya Uhuru ilikuwa upande huo. Na bado Meru ilienda kwa Ruto. Wengine husema hiyo ilikuwa kukosa shukrani. Mimi nasema ilikuwa somo ambalo hatukulimaliza. Tulikataa kununuliwa na zawadi ya dakika ya mwisho, vizuri sana. Lakini upande ule mwingine tuliupa kura kwa masharti gani? Nani alikaa na Ruto akaandikiana naye kuhusu miraa, kahawa, chai, makadamia? Tulimpa kikapu kizima, na kikapu kizima hakina bei, kina shukrani tu.

Baada ya hapo Linturi, aliyekataliwa na Meru kwenye ugavana, aliteuliwa waziri wa kilimo, akichukua wizara aliyoiacha Munya. Yaani tangu 2020 hadi Julai 2024 wizara inayogusa kila shamba la huku iliongozwa na watu wawili wa Meru, mmoja akimpokea mwingine. Ni katika kipindi cha huyo wa pili ambapo wakulima nchini waliuziwa mbolea ghushi. Nauliza tu: kama "mtu wetu" mezani ndiyo dawa, mbona ugonjwa haukupona kwa miaka hiyo minne?

Muguka ya Mbeere inafundisha jambo lingine. Mei 2024 kaunti za Mombasa na Kilifi zilipiga marufuku muguka, viongozi wake wakisema inaharibu afya ya vijana wao. Hoja yao si ya kudharauliwa. Rais Ruto alitangaza marufuku hayo hayana nguvu kisheria, kwa kuwa zao hilo linatambuliwa na sheria ya taifa. Wakulima wa Embu walishusha pumzi. Lakini ona jinsi riziki ya maelfu ya watu inavyotegemea tamko la mtu mmoja wiki hiyo. Hakuna aliyekuja kabla ya kura na mpango ulioandikwa: muguka itauzwaje, wapi, kwa umri gani, kodi yake itarudije kwa barabara za Mbeere na kwa hospitali za Mombasa. Huo ndio mkataba ambao mpigakura anayejiheshimu angedai.

Tena, tukiongea kuhusu Mbeere, tusisahau mabwawa. Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma, Kiambere, yote yako kwenye mto Tana, mpakani mwa Embu na majirani zake. Umeme wake umewasha Kenya kwa miongo. Je, ni mwaniaji gani wa urais aliyewahi kuulizwa jukwaani Siakago au Kiritiri, "Sisi tunaoishi kando ya mabwawa haya tunapata nini?"

"Lakini tukigawanyika tutamezwa"

Hii ndiyo hoja kubwa ya wazee na siidharau. Wanasema: Meru, Embu na Tharaka ni jamii ndogo. Tangu enzi za GEMA mwaka 1971 tumekuwa mkia wa jina la wengine. Umoja ndio umetupa Kithure Kindiki kuwa Naibu Rais. Tukitawanya kura, nani atatuita mezani tena?

Nina majibu mawili.

Kwanza, tazama Magharibi mwa Kenya. Mwaka 2022 kura za huko ziligawanyika. Bungoma ilienda kwa Ruto, Kakamega na Vihiga zikaenda kwa Raila. Kwa hesabu ya kikapu kimoja, walipaswa kuadhibiwa. Walichopata ni Musalia Mudavadi kuwa Mkuu wa Mawaziri na Moses Wetang'ula kuwa Spika wa Bunge la Kitaifa. Kura iliyogawanyika haikuwafukuza mezani. Iliwafanya wabembelezwe na pande zote mbili.

Pili, Kindiki hakufika pale alipo kwa sababu ya kikapu chetu. Mei 2022, kikapu kikiwa tayari njiani, nafasi ya mgombea mwenza ilimwendea Rigathi Gachagua wa Nyeri. Kindiki aliapishwa Novemba 1, 2024, baada ya Gachagua kung'olewa na Bunge na Seneti. Hiyo ilikuwa vita ya wakubwa. Ikitokea vita nyingine ya wakubwa, mambo yatageuka tena, na kura zetu hazitaulizwa. Simchukii Kindiki na sisemi asipigiwe. Nasema asipigiwe kwa sababu tu mama yake anaelewa lugha yetu. Apimwe. Naye Gachagua akija na chama chake cha DCP kutuambia "Mlima ni mmoja", apimwe vile vile. Huyu anatuambia tumfuate kwa kuwa yeye ni wa Mashariki, yule anatuambia tumfuate kwa kuwa sote ni Mlima. Wote wawili wanauza gunia lile lile, wanabishana tu ni nani atashika mdomo wake.

Kuna jambo lingine ambalo limebadilika na hatujalizungumzia vya kutosha. Kwa miaka mingi kampeni ya urais huku kwetu ilikuwa rahisi: mpigie huyu ili yule Raila asiingie. Mwaka 2007, 2013, 2017, 2022, wimbo ulikuwa ule ule. Hukuhitaji sera, ulihitaji jina la kutisha watu. Raila alifariki Oktoba 2025. Mungu amlaze pema. Sasa 2027 tutapiga kura ya kuchagua, si ya kuzuia. Kwa vijana wengi wa Meru na Embu itakuwa mara ya kwanza kukutana na karatasi ya urais bila hofu hiyo. Tusikubali watutafutie hofu mpya.

Mbeere Kaskazini ilikuwa mazoezi

Anayefikiri hili ni jambo la mbali akumbuke Novemba 27, 2025. Eneobunge la Mbeere Kaskazini lilikuwa na uchaguzi mdogo baada ya mbunge wake, Geoffrey Ruku, kuteuliwa waziri. Kiti cha mbunge mmoja. Lakini kampeni haikuwa ya mbunge mmoja. Naibu Rais alipiga kambi kumtafutia kura Leo Wamuthende wa UDA. Upinzani, Gachagua akiwa mstari wa mbele, ukamsimamia Newton Kariuki, maarufu Karish, wa Democratic Party. Magari ya kifahari yalitimua vumbi kwenye barabara ambazo hata bodaboda huzikwepa msimu wa mvua.

Matokeo: Wamuthende 15,802, Karish 15,308. Tofauti ni kura 494.

Kituo kimoja cha kupigia kura Kenya huwa na wapigakura wasiozidi 700. Maana yake tofauti ile yote inaingia katika chumba kimoja cha darasa na viti vinabaki. Lakini ona pia jambo lingine: kwa sababu hakuna aliyejua Mbeere Kaskazini itaangukia wapi, nchi nzima iliijua Siakago. Kwa wiki kadhaa Mbeere ilikuwa Pennsylvania. Watu walisikilizwa, waliahidiwa, walibembelezwa. Kasoro ni kwamba ahadi zilikuwa za papo kwa papo, na sisi hatukuwa tumejipanga kuzigeuza kuwa masharti.

Tufanye nini sasa

Kwanza, jiandikishe. Mwaka 2022 vijana walikuwa karibu asilimia 40 ya waliosajiliwa, na idadi yetu ilikuwa imeshuka kuliko 2017. Tume ya IEBC ilirejelea usajili wa kila siku Septemba 2025 na inalenga wapigakura wapya milioni 6.3 kabla ya uchaguzi. Ofisi iko katika kila eneobunge. Beba kitambulisho, ni dakika chache. Kama unasoma Chuo Kikuu cha Embu au cha Meru kule Nchiru na nyumbani ni kwingine, amua mapema utapigia wapi, kisha ujisajili au uhamishe kituo. Mwaka 2024 tulijaza barabara za Meru na Embu kupinga Mswada wa Fedha, na Rais akauondoa Juni 26. Kelele zile zilifanya kazi kwa mswada mmoja. Kura hufanya kazi kwa miaka mitano.

Pili, tuwe na maswali yetu, yawe machache na yajulikane. Mimi nina matatu ya kuanzia, ongeza yako. Miraa na muguka: sheria gani, soko gani, kinga gani kwa watoto? Makadamia: serikali iliruhusu kwa muda njugu ghafi ziuzwe nje kuanzia mwisho wa 2023, kisha mlango ukafungwa tena. Je, mkulima atauzaje, kwa bei gani, na viwanda vitajengwa wapi? Vyuo: mfumo wa ufadhili ulioanza 2023 umewaacha wenzetu wengi na madeni na barua zisizoeleweka. Utaufanyia nini? Mwaniaji wa urais akitua Kinoru, wasimamizi wa mkutano wasitupangie nyimbo tu. Atuambie majibu. Asipojibu, tujue hana haja na sisi, ana haja na gunia.

Tatu, tuache aibu ya kutofautiana. Katika nyumba nyingi za huku ni kawaida baba na mtoto kutofautiana kuhusu diwani wakacheka wakiwa mezani. Lakini kijana akisema hatampigia rais anayeungwa mkono na kijiji, anaitwa msaliti. Njuri Ncheke inaheshimika kwa mengi, na wazee wana haki ya kutoa ushauri. Lakini ndani ya kile kibanda cha kupigia kura hakuna mzee, hakuna mbunge, hakuna dalali. Kuna wewe, kalamu na karatasi.

Nne, tulinde tulichopiga. Kituo kikifungwa, Fomu 34A hubandikwa mlangoni. Mwaka 2022 IEBC iliweka picha za fomu hizo kutoka vituo zaidi ya 46,000 kwenye tovuti yake na kila mtu akajumlisha mwenyewe. Piga picha ya fomu ya kituo chako, ilinganishe na iliyo mtandaoni. Kijana mwenye simu anaweza kufanya kazi hiyo bila kumdai mtu chochote.

Sitakwambia umpigie nani. Ukimaliza kupima ukaona Ruto na Kindiki wanafaa, mpe Ruto kura yako. Ukiona upinzani unafaa, wape. Ukiona mwingine ambaye hakuna anayemtaja, ni sawa pia. Ninachoomba ni kwamba usiku wa Agosti 10, 2027, mchambuzi kwenye televisheni ashindwe kusema "kura za Meru na Embu tayari tunajua ziko wapi." Asubiri zihesabiwe, kituo baada ya kituo, kuanzia Mutuati hadi Gachoka. Siku atakaposubiri, ndipo nao waliozoea kutuuza watakapoanza kutupigia simu na kutuuliza tunataka nini.